Tarantula wa kwanza kwa nyumba yenye mtoto

Swali: "Nataka kufuga tarantula kwa mara ya kwanza. Watatu wamenivutia: yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, yule wa buluu wa India anayeitwa Poecilotheria metallica, na yule wa mitini mwenye ncha za miguu za waridi. Muuzaji ananishauri nichukue kitoto kwa kuwa bei yake ni ndogo. Nyumbani kuna mtoto wa miaka sita, na kusema kweli ningependa buibui wa kushikika mkononi. Nichukue yupi?"

Jibu: Ndugu msomaji, nitangulize jibu, sababu zifuate. Katika hao watatu, wa buluu mwache kabisa. Wa mitini msubirishe. Wa magoti mekundu anafugika vizuri, ila simpendekezi kwa nyumba yenye mtoto wa miaka sita. Ningekuwa wewe, ningetafuta Grammostola pulchripes, tarantula wa Paraguay na Argentina mwenye mistari ya dhahabu kwenye magoti. Awe jike, awe amezaliwa mikononi mwa mfugaji, na upana wa miguu yake ikienea, ncha hadi ncha, uwe umefika sentimita sita au saba. Kuhusu kumshika mkononi, jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Angalia kwamba spishi ni jambo moja tu kati ya manne niliyoyataja. Wanaoanza karibu wote huchagua kwa rangi. Rangi utaizoea mapema sana. Jinsia, umri, asili na tabia ya mnyama ndivyo utakavyoishi navyo kwa miaka, pengine zaidi ya ishirini.

Tarantula ni familia kubwa, Theraphosidae, yenye spishi zaidi ya elfu moja. Wafugaji huwagawa kwa makundi mawili: wale wa mabara ya Amerika, na wale wa Afrika, Asia na Australia. Wengi wa kundi la kwanza wana vinyweleo vya pekee juu ya tumbo. Wakisumbuliwa, husugua tumbo kwa miguu ya nyuma na kuvirusha hewani, navyo vikikupata huwasha kama upupu. Kwa kuwa wana silaha hiyo, wengi wao si wepesi wa kuuma, na hata wakiuma sumu yao kwa mtu mzima mwenye afya huleta maumivu na uvimbe wa muda tu. Kundi la pili halina vinyweleo hivyo. Limebakiwa na mbio na chonge, na linavitumia vyote viwili bila kusita.

Sasa yule wa buluu. Najua kwa nini amekuvutia. Sijaona mtu aliyeangalia picha yake akapita tu. Alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1899, kutokana na buibui mmoja aliyepatikana Gooty, kusini mwa India, na porini amebaki kwenye vipande vidogo vya msitu katika jimbo la Andhra Pradesh. Shirika la IUCN, linalofuatilia hali ya viumbe wa porini duniani, limemweka katika daraja la viumbe walio hatarini mno kutoweka. Lakini hata ukimpata aliyezaliwa kwenye ufugaji, bado ana mambo mawili yatakayokutesa. La kwanza ni mwendo: unafungua kifuniko, na kabla hujajua ulichokiona ameshapanda mkono na yuko nyuma ya kabati. La pili ni sumu. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula yeyote, ila kuumwa na Poecilotheria kunaweza kuleta mikakamao ya misuli inayokwenda na kurudi kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Mtu mzima atavumilia akiwa hospitali. Mtoto wa miaka sita sitaki hata kumfikiria. Isitoshe, buibui huyu ni mwenye haya, mchana hujibanza nyuma ya gome, na ile buluu uliyoinunua utaionea kwenye ncha ya mguu mmoja.

Ukikataa huyo, kuna muuzaji atakayekuletea Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya machungwa kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, akikwambia ni rahisi kwa wanaoanza kwa sababu hafi ovyo, anakula kila kitu na anakua upesi. Yote hayo ni kweli. Lakini kutokufa ovyo si upole. Ni mmoja wa tarantula wenye hasira za karibu kabisa wanaouzwa, na ni mwepesi mno.

Wa mitini mwenye ncha za waridi, Avicularia avicularia wa Amerika Kusini, kwa tabia ni mpole. Shida yake ni hewa. Wanaoanza husoma kwamba anatoka misitu yenye unyevu, basi wanamfungia kwenye boksi lisilopumua, wanamnyunyizia maji kila siku, na baada ya wiki chache wanamkuta amekufa, hasa akiwa mdogo. Anataka unyevu kiasi pamoja na hewa inayopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kupata uwiano huo kunataka mkono uliokwisha kuzoea. Pia huruka, tena bila taarifa, na akikereka hukurushia kinyesi kwa shabaha ya kushangaza. Mweke kwenye orodha ya buibui wako wa pili.

Tunabaki na wa magoti mekundu. Huyu wa pwani ya Pasifiki ya Mexico kwa miaka mingi aliuzwa kwa jina la Brachypelma smithi, mpaka uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipoweka wazi mipaka kati ya spishi mbili zinazofanana mno: wengi waliokuwa majumbani mwa watu ni Brachypelma hamorii. Ukiona majina yote mawili kwa mnyama anayeonekana yuleyule, ndiyo sababu. Brachypelma smithi aliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1985, na baadaye jenasi nzima, yaani spishi zote za Brachypelma, ikafuata, kwa hiyo akivushwa mpaka wa nchi lazima awe na karatasi zake. Uliza karatasi hizo. Muuzaji anayekwepa swali hili amekujibu tayari. Kwa upande wa ufugaji ni buibui mzuri: mgumu, anakaa wazi ukamwona, jike huvuka miaka ishirini. Kasoro yake ni kwamba wengi wao ni wepesi wa kurusha vinyweleo. Unaweka maji tu, tayari mguu wa nyuma unasugua.

Kwa mtu mzima makini hilo ni kero ndogo ya muwasho. Kwa macho ni habari nyingine. Vinyweleo hivi vina miba midogo inayovisukuma ndani, na vikiingia kwenye jicho vinaweza kuzama kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kuleta uvimbe wa muda mrefu. Daktari wa macho hulazimika kuvitafuta kwa darubini, na vingine havitoki. Mtoto hukaribia kioo, hugusa meza, halafu hufikicha macho. Hii ndiyo sababu pekee inayonifanya nimpite huyu. Kama mngekuwa watu wazima watupu hapo nyumbani, ningekwambia mchukue.

Grammostola pulchripes naye ana vinyweleo, usije ukadanganyika. Tofauti ni kwamba anachelewa sana kuvitumia. Ukimsogezea brashi, mara nyingi atasogea polepole au atainua mguu mmoja kana kwamba anafikiria, kisha ataendelea na shughuli zake. Ni mkubwa, miguu ikienea hufika sentimita 18 na zaidi, kwa hiyo hata yule anayetaka mnyama wa kuonekana ataridhika. Akiwa mdogo ana tabia ya kuhamisha udongo. Unaweza kukuta amejaza bakuli la maji udongo usiku kucha. Hukua taratibu, miaka mingi hadi ukubwa kamili.

Usipompata, mbadala wake ni Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya marefu yaliyojikunja. Mimi huyu nampenda kuliko wote kwa sababu hana uvivu wa kula, na rangi yake ya kahawia ikipigwa na mwanga wa upande huonekana ya shaba. Yeye pia zamani aliwekwa kwenye Brachypelma, basi kwenye vibandiko vya zamani utalikuta jina hilo. Kurusha vinyweleo huwa anarusha kidogo kuliko wa magoti mekundu, ila wapo walio tofauti. Hata ndani ya kifuko kimoja cha mayai hutoka wapole na wakorofi. Unachokichagua kwa spishi ni uwezekano tu. Anayekuhakikishia tabia ya buibui mmoja mmoja anakupiga changa la macho.

Nunua kwa jina la kisayansi lililoandikwa. Majina ya kibiashara hubadilika kutoka duka hadi duka, na jina moja hubandikwa spishi tatu. Bila jina kamili unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu ushauri wa kununua kitoto, muuzaji hajakudanganya: bei ni ndogo kweli. Lakini angalia unachopewa. Kitoto cha sentimita moja au mbili hukaa kwenye kikopo, hukauka upesi ukisahau maji, chakula chake lazima kiwe kidogo kama yeye, na muda mwingi atakuwa amejifukia usimwone. Kwa spishi inayokua polepole kama hii, utafuga kikopo cha udongo kwa muda mrefu. Tena jinsia haijulikani. Na hapa ndipo wengi huumia: jike la Grammostola huishi miongo, ila dume akishajivua gamba lake la mwisho na kukomaa, hubakiwa na miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au miwili. Utamtambua dume aliyekomaa kwa ncha za mikono yake ya mbele zilizovimba na, kwa spishi nyingi, kulabu ndogo kwenye miguu ya kwanza. Huwa mwembamba, hatulii, anatembea usiku kucha akitafuta jike. Ukiona duka linauza "mtu mzima" kwa bei ya kutupa, tazama hapo kwanza.

Jinsia ya buibui ambaye bado anakua hujulikana kwa gamba alilolivua. Ndani yake, upande wa tumbo, jike huacha alama ya kifuko cha kuhifadhia mbegu, na kuanzia upana wa miguu wa sentimita tano hivi mtu mwenye kioo cha kukuza huweza kuiona. Mwombe mfugaji akuonyeshe gamba au picha yake. Kumwangalia buibui tumboni na kusema "huyu jike" ni kubahatisha. Ndiyo maana nimekwambia sentimita sita au saba: ameshavuka udhaifu wa utoto, jinsia inajulikana, na bado utamwona akikua.

Dukani, mtazame akiwa ametulia. Tumbo liwe la mviringo, lisiwe limenyauka wala limekunjamana. Miguu iwe imeenea. Miguu iliyokunjwa yote chini ya mwili ni dalili ya kiu kali au kufa. Angalia mdomo na viungo kama kuna vidudu vyeupe vinavyotembea. Mguu mmoja uliopungua usikutishe, huota tena katika kujivua gamba kunakofuata. Uliza alijivua lini, anakula nini, na kama amezaliwa kwenye ufugaji au ametolewa porini. Wa porini huja na vimelea, umri usiojulikana, na deni kwa msitu alikotoka.

Muuzaji akitaka kukuwekea buibui kiganjani ili uone upole wake, mkatalie kwa heshima. Na hapa tuseme la kushika. Tarantula hamjui mwenye nyumba. Hazoei, hapendi joto la mkono, hapati chochote. Akitulia kiganjani ni kwa kuwa ameamua kutokimbia kwa sasa. Hatari kubwa hapo ni kwake zaidi kuliko kwako. Tumbo lake ni mfuko laini wenye damu kwa msukumo, na akianguka kutoka kimo cha meza linaweza kupasuka. Watu hushtuka, kwa sababu ametikisika au amekimbia kidogo, wanatikisa mkono, na mambo yameisha. Ukihitaji kumhamisha, mfunike kwa kikopo kinachoonyesha ndani, msukume taratibu kwa brashi laini aingie, teleza karatasi ngumu chini. Nunua kibano kirefu siku ileile unayomnunua, mkono usiwe na sababu ya kuingia humo ndani. Kama unataka mnyama wa kumpapasa, na hilo si dhambi, tarantula si wako, na ni nafuu ulijue kabla ya kulipa.

Mtoto anaweza kushiriki bila kugusa: ahesabu siku za kula, achore, awe wa kwanza kugundua shimo jipya. Kizimba kiwe na kifuniko chenye kufuli au klipu, kikae mahali asipofikia na kisipoangushwa. Sheria moja izingatiwe hata na wakubwa: gamba lililovuliwa haliguswi kwa mikono mitupu wala halipewi mtoto kuchezea. Vinyweleo vimebaki juu yake vilevile, na vingine viko kwenye utando na udongo. Osha mikono kila ukimaliza.

Kizimba chenyewe hakina makuu. Urefu mara tatu ya upana wa miguu unatosha. Kinachozingatiwa ni kimo: kutoka juu ya udongo hadi kifuniko kusizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake, kwa sababu ileile ya kuanguka. Ndiyo kusema tangi refu la samaki linafaa tu ukilijaza udongo. Weka sentimita 10 hadi 15 za udongo usio na mbolea wala dawa, au vumbi la makumbi ya nazi, au mchanganyiko wa vyote viwili, ukishindiliwa kidogo ili shimo lisibomoke. Vipande vya mbao za msonobari au mwerezi usivitie, mafuta yake humdhuru. Kipande cha gome kilichoinama kiwe maficho, na bakuli la maji safi lisikosekane. Sifongo ndani ya bakuli ni kiota cha uchafu. Kifuniko cha wavu wa waya nakikataa: kucha zake hunasa humo, akabaki ananing'inia. Matundu madogo ubavuni ni bora.

Taa hahitaji. Joto la chumba kati ya nyuzi 20 na 27 za Selsiasi linamtosha, na vile vijiwe na mikeka ya kupasha joto kutoka chini humkausha, kwa kuwa yeye akihisi joto huchimba chini kukimbia jua, akaifuata hatari mwenyewe. Udongo wa pulchripes uwe mkavu, kona moja yenye bakuli ukiilowesha mara mojamoja. Yule wa manyoya yaliyojikunja apate unyevu kidogo zaidi.

Chakula ni nyenje, mende wa kufugwa au mabuu ya unga, asizidi urefu wa tumbo la buibui. Wadudu wa kuokota nje acha, hujui wamepuliziwa nini. Kwa saizi niliyokutajia mpe mara moja kwa wiki. Akiwa mkubwa, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Asichokula kitoe siku ya pili. Tumbo likizidi kwa mbali ukubwa wa sehemu ya mbele ya mwili, punguza, kwani tumbo zito hupasuka kirahisi.

Siku za mwanzo mwache. Atajikunja pembeni, pengine atapanda kuta, pengine hatakula wiki nzima, na wewe utaanza kuhamishahamisha vitu kwa wema. Usifanye hivyo. Jenasi ya Grammostola inasifika kwa kufunga kula miezi bila kudhoofika. Maadamu tumbo ni la mviringo na maji yapo, huna la kufanya.

Atakapokaribia kujivua gamba atakataa chakula, rangi itafifia, na kipara cha tumboni, pale vinyweleo vilipokwisha, akiwa nacho, kitageuka cheusi. Pengine ataziba mlango wa maficho. Kisha utamkuta chali, miguu juu. Wanaoanza hudhani amekufa, wakamgeuza, na hapo ndipo wanapomuua kweli. Chali ndivyo anavyojivua. Anayekufa hukunja miguu chini akiwa amesimama. Toa mdudu yeyote aliye hai humo, maana nyenje humtafuna buibui aliye laini, na usimguse, usimpulizie maji, usisogeze kizimba, hata kama inachukua saa nyingi. Akimaliza, chonge zake huwa nyeupe, zikawa nyekundu, ndipo zikawa nyeusi. Kwa mdogo huchukua siku chache, kwa mkubwa wiki mbili au zaidi, na mpaka zitakapokuwa nyeusi usimpe chakula.